Shimo Katika Jiko la Bi Nyangeta

Habari za njia tuziache njiani. Aliyesafiri ni Maghanga, akafika mzima, na mizigo yake ikafika naye. Kilichobaki ni kusimulia aliyoyakuta, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kuna watu watasema nimetia chumvi. Sikutia. Chumvi nilikuwa nayo, nikaiacha.

Huyu Maghanga kwanza mumjue. Alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa, tena si wa kubabaisha. Kwao milimani Taita walimfahamu, na nje ya kwao walimfahamu zaidi, lakini kote huko walimfahamu kwa jambo moja tu. Katika mashindano makubwa kuliko yote aliyowahi kucheza, akiwa anaongoza, amebakiza shimo la mwisho, alipiga mpira ukapinda kulia ukatumbukia ziwani. Chubwi! Kombe akachukua mwingine. Tangu siku hiyo jina lake likafa, akawa Majini. Akienda sokoni, Majini huyo. Akienda harusini, mpisheni Majini, mpeni soda asije akatamani ziwa. Mwisho akatundika fimbo akashika kalamu, akawa mchora viwanja vya gofu, na alivichora vizuri sana, maana mtu aliyeumizwa na kiwanja anajua kiwanja kinaumiza wapi. Lakini moyoni, jamani, lile ziwa halikukauka.

Basi alipoitwa na serikali ya nchi ya Mshazari akawachoree kiwanja cha taifa, hakusubiri kubembelezwa.

Alipokewa na Waziri wa Unyoofu, Mheshimiwa Ruhundwa, bwana mwenye tumbo la heshima na shingo iliyokakamaa kuelekea bega la kulia.

"Umenyooka?" Waziri alimwuliza.

"Salama," akajibu Maghanga.

Maofisa wote wakakunja nyuso. Waziri akamvuta kando kwa upole, akamweleza kwamba huko salamu ni hiyo, na jibu lake ni "Nimenyooka", hata kwa mgonjwa. Maghanga akajibu alivyofundishwa, nyuso zikarudi kuwa za watu.

Wakaondoka kwa gari kwenda mjini, na hapo mgeni akaanza kuona mambo. Barabara zote za Mshazari zinapinda kulia. Mtu anayetaka kwenda kushoto hupinda kulia, akapinda tena, akapinda tena, mpaka anafika, na akichelewa kazini husamehewa kwa sababu bosi wake naye hajafika. Milango imekatwa kwa upinde huohuo. Walipopita kwenye shule moja, Maghanga aliona watoto wanatumia rula zilizopinda mithili ya ndizi. Mtoto anayechora mstari kama tunavyoujua sisi hukosolewa kwa mstari mwekundu, nao umepinda vizuri kabisa.

"Mheshimiwa," Maghanga akauliza, "hii nchi mbona iko hivi?"

Waziri hakukasirika. Alieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshaeleza wageni wengi.

"Kiongozi wetu, Mlenga Mkuu, siku ya kushika nchi alipanda Kilima cha Kupigia akapiga mpira wake wa kwanza. Mpira ukaenda ulikokwenda. Wataalamu wakakaa kikao. Wakaona mambo ni mawili: ama Mlenga Mkuu amekosea, ama nchi imekaa vibaya. Na Mlenga Mkuu hakosei."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tukairekebisha nchi."

Akaendelea kumfahamisha Sheria ya Shimo, ambayo ndiyo sheria mama. Kwingineko duniani shimo huchimbwa kwanza, halafu watu huhangaika kuingiza mpira, jambo ambalo Mshazari wanaliona ni kumtesa mpigaji bila sababu. Wao mpira wa Mlenga Mkuu hutangulia. Unaposimama, hapo ndipo shimo. Huchimbwa siku ileile, ikasimikwa bendera, na lililokuwepo mahali hapo, liwe duka au kaburi, huhesabiwa kuwa ni sehemu ya kiwanja mpaka litakapoondolewa. Kila sikukuu Mlenga Mkuu alipiga, na kila alipopiga nchi ilipata shimo.

"Sasa yametimia kumi na nane," alisema Waziri kwa fahari. "Mashimo yote tunayo, Bwana Maghanga. Kilichobaki ni kiwanja tu."

Katika kazi yake Maghanga alikuwa amezoea kutembea porini asubuhi, akautazama mteremko, akaangalia maji yanakimbilia wapi na upepo unatoka wapi, na shimo likaja mwisho kabisa, kama nukta. Hawa walikuwa wamemletea nukta kumi na nane wakamwomba aandike habari.

Akapelekwa Kilima cha Kupigia, katikati ya mji. Mbele ya kilima, sawasawa na kidole cha mtu anayenyoosha mkono, ulikuwa mtaa wa Mbeleni: majumba ya ghorofa, baraza pana, bustani, na madirisha ya vioo makubwa ajabu. Hakuna hata kioo kimoja kilichokuwa na ufa. Upande wa kulia ulikuwa mtaa wa Kuliani, mabati juu ya mabati, na kwenye mabati hayo zilichomoza bendera, maana sheria inataka bendera ya shimo ionekane kutoka kilimani, na kama kuna paa basi paa litobolewe. Bendera moja ilitoka kwenye zahanati, nyingine kwa kinyozi, nyingine darasa la tatu.

"Mbeleni wanakaa akina nani?" Maghanga aliuliza.

"Sisi," alisema Waziri. "Mawaziri, majaji, wakubwa wa Ofisi ya Unyoofu. Tumejiweka mbele kabisa ya mpira. Ukija, utukute sisi kwanza kabla ya mwananchi. Uongozi ni kujitoa mhanga."

"Umewahi kuja?"

"Bado," alisema Waziri. "Lakini tuko tayari."

Mila ilitaka mchora kiwanja alale karibu na shimo la mwisho kuchimbwa, kwa hiyo Maghanga akapangiwa kwa Bi Nyangeta, mama lishe wa Kuliani, mjane mwenye mikono mikubwa na ulimi usioomba ruhusa. Nusu ya mtaa ilikula kutoka kwenye jiko lake. Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha uani, na katikati ya mafiga yake kulikuwa na shimo safi, la duara, lenye bendera nyekundu iliyopanda mpaka ikatoboa bati.

"Karibu, baba," alisema. "Angalia mguu, hilo ni shimo la taifa."

Maghanga akaruka pembeni.

"Siku hiyo nilikuwa nimetenga maharage," Bi Nyangeta alisimulia, huku akipuliza moto aliouhamishia kwenye kona. "Mpira ukaingia dirishani, ukagonga mwiko, ukatua hapo katikati ya mafiga. Sijauinamia, namwona ofisa mlangoni na jembe. Nikadhani anakuja kuomba radhi. Akanipa hongera! Akamwaga maharage yangu, akachimba. Kesho yake nikashtakiwa kwa kupika ndani ya shimo."

"Ukajitetea?"

"Nilisema jiko lilikuwepo kwanza. Hakimu akaniuliza kama nina ushahidi kwamba shimo halikuwa njiani linakuja." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mvua ikinyesha inapitia kwenye bendera. Hilo nalivumilia. Ninachotaka kujua, baba, ni wewe ukimaliza kuchora, sisi tunakwenda wapi? Tumeambiwa tutatafutiwa mahali. Hao wanaotafuta nawaona kila siku wanakunywa chai hapa kwangu."

Maghanga alisema ataangalia. Bi Nyangeta alimpakulia chakula akasema na macho pia yanaangalia, ni mikono inayotakiwa.

Siku iliyofuata alialikwa bungeni, kwa sababu jiko la Bi Nyangeta lilikuwa kwenye hoja. Wabunge wamekaa kwa upinde, wote wakitazama kulia, hivyo anayesema huangaliwa na wachache tu wenye bahati. Hoja ilikuwa hii: je, shimo limo ndani ya jiko, au jiko limo kandokando ya shimo? Mbunge mmoja mnene alithibitisha kwa jasho kwamba shimo haliwezi kuwa ndani ya kitu, kwani shimo ni utupu, na utupu hauna ndani. Mwingine akauliza kama ni hivyo, moshi unaotoka hapo ni wa nani. Wakabishana mpaka chakula cha mchana kikaletwa, na chakula kilitoka kwa Bi Nyangeta. Wakala wakasifu. Kisha wakapitisha kwamba jiko limelizingira shimo kwa nia mbaya, hivyo liondolewe pamoja na mtaa wote uliolitia jiko hilo moyo.

Maghanga aliona aibu, lakini ilikuwa aibu ya mgeni, ile inayokwisha ukilala.

Jioni Waziri akamchukua matembezini, wakazunguka kulia hadi nyuma ya ikulu. Huko Maghanga alisimama kama amepigwa na ganzi. Lilikuwa lile ziwa lake. Wamelichimba upya, matete yaleyale, mwinamo uleule wa ukingo, hata jiwe jeusi lililokuwa upande wa kulia lipo. Na katikati ya maji ilichomoza ncha ya bendera. Chini yake, kwenye tope, walikuwa wamechimba shimo.

Kando ya ziwa ilikuwepo meza, na juu ya meza kombe lenye jina lake.

"Ukishaweka sahihi kwenye mchoro," alisema Waziri, "Bunge litapitisha azimio kwamba mpira wako siku ile ulinyooka. Uliingia shimoni kwa pigo moja, bwana wangu. Ziwa ndilo lililokuwa limekaa vibaya."

Niseme ukweli: Maghanga alilitaka lile kombe. Aliona harusi zote alizochekwa, akajiona anaingia tena mlangoni na kombe mkononi, na wazee wa kwao wanasimama. Hakusema ndiyo, lakini aliligusa, na Waziri alimwona akiligusa.

Basi akachora. Alitandaza karatasi mezani kwa Bi Nyangeta akaunganisha bendera na bendera, na kwa kuwa alikuwa fundi, kiwanja kikaanza kupendeza. Hilo ndilo lililomtisha. Ukitazama karatasi tu, ungesema mashimo yale yalipangwa na mtu mwenye akili zake. Bi Nyangeta alikuwa akimletea chakula, anaweka sahani, anaondoka. Siku moja akasimama.

"Hapa kwenye karatasi, mimi niko wapi?"

Maghanga akaonyesha kwa kalamu. "Hapa, mama."

"Hapa pana nyasi."

"Ndiyo."

Bi Nyangeta akaitazama sana ile rangi ya kijani. "Nyasi nzuri," alisema, akachukua sahani yake akatoka.

Maghanga hakuweza kula tena siku hiyo, wala kuchora.

Kabla ya siku ya uzinduzi wa kiwanja, Mlenga Mkuu mwenyewe akamwita, alfajiri, juu ya Kilima cha Kupigia. Maghanga alitazamia pandikizi la mtu. Akamkuta mzee mdogo, mwenye sweta lililochakaa viwiko, ameshika fimbo kama mtu aliyeshika mkongojo. Walinzi walikuwa chini ya kilima, nyuso kulia.

"Nitazame, fundi," alisema mzee. Akapiga. Mpira ukaondoka vizuri, ukapanda, halafu ukaanza kukata kona taratibu kuelekea Kuliani, ukaangukia kwenye mfereji. Kwa kuwa haikuwa sikukuu, haukuhesabiwa.

"Umenyooka?" aliuliza mzee.

Hapo Maghanga aliliona kombe mbele ya macho yake kama amewekewa. Neno moja tu, na ni neno ambalo nchi nzima hulisema bila kulipiwa. Akafungua kinywa.

"Ngoja," alisema Mlenga Mkuu. "Kabla hujanijibu. Mimi ndiye niliyekuchagua, si Ruhundwa. Nilisikia kuna mtu ulimwengu mzima uliuona mpira wake ukipinda. Nikasema, huyo hawezi kudanganyika juu ya kupinda, maana amelala nako."

Maghanga akafunga kinywa. Akakifungua tena.

"Umepinda, Mheshimiwa. Umekwenda kulia. Kama wangu."

Mzee akaketi kwenye nyasi, palepale, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Maghanga alidhani ndio mwisho wake. Akaona mzee anafuta macho kwa kiwiko cha sweta.

"Siku ile ya kwanza niliuona," alisema mzee. "Niliuona kabisa unapinda. Nikageuka niwaambie watu samahani, nirudie. Nikawakuta wanashangilia. Nikasema haya, kesho atatokea mmoja wa kuniambia. Kesho wakanijengea barabara."

"Kwa nini Mheshimiwa hakusema mwenyewe?"

"Ungesema wewe? Barabara ilikuwa imeshawekwa lami."

Maghanga akamwinua, akamwomba ashike fimbo. Hakuhitaji kutazama mara mbili. "Ni mkono wa kushoto. Umekaa upande mno. Ugeuze kidogo hivi, kidole gumba kije ubavuni mwa mpini. Basi."

"Mkono tu?"

"Mkono tu, Mheshimiwa."

Mzee akazitazama bendera zilizotoboa mabati ya Kuliani, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya jiko. "Nchi nzima hii," alisema polepole, "kwa mkono tu."

Wakafanya mazoezi bila mpira mpaka jua likachomoza. Kabla hawajaagana, Maghanga aliona lazima aseme. "Ukinyooka, mpira utakwenda Mbeleni."

"Najua panapoelekea mbele," alisema mzee. "Kwa Ruhundwa kuna sebule kubwa, sivyo? Nilikunywa chai pale. Sijawahi kuona sebule yenye amani kama ile."

Siku ya uzinduzi mji mzima ulijaa kilimani. Waziri alivaa joho. Mchoro uliwekwa mezani pamoja na kalamu, na kando yake kombe la Maghanga, watu wote wasafishe macho. Bi Nyangeta aliwekwa mbele kama mgeni wa heshima, kwa kuwa ndiye mwenye jiko litakalobomolewa, akavishwa shada la maua. Kikapigwa king'ora cha Heshima ya Shingo. Hii ndiyo ada yao kubwa: kabla Mlenga Mkuu hajapiga, raia wote hugeuza nyuso kulia, kwenda kuupokea mpira kule utakakokwenda. Anayetazama mbele huhesabiwa ana mashaka. Nyuso zikageuka zote, fyuu, hata za farasi wa polisi.

"Geuka, mama," ofisa alimnong'oneza Bi Nyangeta.

"Leo shingo inaniuma," alisema Bi Nyangeta, akabaki akitazama mbele. Maghanga naye akabaki vilevile, bila kutoa sababu.

Mlenga Mkuu akasogeza mkono wake wa kushoto kidogo. Akapiga.

Ulikuwa mlio mtamu, mlio ambao mchezaji huusikia mara chache maishani, na Maghanga aliusikia mpaka kwenye magoti. Mpira ukaenda. Haukupinda kulia, haukupinda kushoto. Ukaenda mbele kama mtu anayekwenda kwao. Na katika umati ule wote waliouona ni watu watatu.

Kwenye kipaza sauti mtangazaji, akitazama kulia kwa mapenzi makubwa, alikuwa ameshaanza: "Unapanda! Unanyooka, wananchi, unanyooka juu ya zahanati, unashuka Kuliani, na huooo, umeingia jikoni!" Vigelegele. Kule Kuliani ofisa akajitokeza mlangoni mwa jiko ameinua mpira mweupe, ambao bila shaka alikuja nao mfukoni.

Ndipo kukasikika, kutoka Mbeleni, kioo kikubwa kikianguka. Chwaaa!

Hakuna aliyegeuka. Lakini Waziri Ruhundwa alikijua kioo chake, kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Jasho likamtoka, na bado akatazama kulia.

"Makofi!" alipaza sauti. "Makofi! Bwana Maghanga, njoo uweke sahihi, upokee kombe lako!"

Maghanga akaenda mezani. Kombe lilikuwa linang'aa. Akaichukua kalamu, akairudisha.

"Mpira wangu ulikwenda majini," alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikarudi kutoka kwenye kuta za mji. "Sikunyooka. Mkono wangu ulikuwa sawa, niliogopa tu. Na mpira wa Mheshimiwa hauko jikoni. Uko pale mbele."

"Mbele wapi?" watu waliulizana, wakitafuta kulia.

Mlenga Mkuu akaanza kuteremka kilima, akaenda mbele. Njia haikuwepo, kwa maana hakuna aliyewahi kuijenga, kwa hiyo mzee akakanyaga maua, akaruka mtaro, akavuka ua wa michongoma ukimkwaruza sweta. Na kwa kuwa kiongozi lazima afuatwe, nchi ikamfuata, watu wakikunja uso kwa maumivu ya kunyoosha shingo. Wakaingia wote kwa Waziri. Kioo kilikuwa chini, na mpira ulikuwa umesimama katikati ya zulia, hatua chache kutoka kwenye kiti kikubwa cha mwenye nyumba.

Mzee akausimamia akiwa anahema. "Mnauona?" aliuliza, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto. "Ni wangu. Huu ni wangu kweli."

Yule ofisa wa jembe alikuwa amewasili mbio kutoka Kuliani. Alikuwa mtu wa kazi yake, hana chuki na mtu. Akavua kofia.

"Hongera, Mheshimiwa Waziri," alisema, akainua jembe.

"Ngoja!" Waziri alipiga kelele.

Bunge likakaa palepale sebuleni, wabunge wamesimama, wenye bahati wameketi kwenye mikono ya viti. Safari hii hakuna aliyeuliza kama shimo lina ndani. Chai iliyokuwa mezani ilikuwa bado inatoa moshi wakati Sheria ya Shimo ilipofutwa kwa kauli moja. Ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa shimo litangulie mpira. Kwamba mpira ukiingia nyumbani mwa mtu, mwenye mpira aombe radhi. Na kwamba mashimo yote ya zamani yafukiwe na mabati yazibwe, ili kuondoa ubaguzi kati ya sebule na sebule. Mbunge yule mnene akaongeza, kwa machozi, kwamba nyumba ya mtu ni kitu kitakatifu. Wakapiga makofi.

Bi Nyangeta alikuwa mlangoni na shada lake shingoni.

"Kumbe hii sheria hubadilika," alisema.

"Mama," alijibu Waziri, akijifuta jasho, "sheria haina ugumu wowote. Huhitaji kueleweka tu."

"Na kwangu jikoni haikueleweka?"

Waziri akaagiza mama aletewe chai. Hakuletewa, kwa sababu aliyezoea kuipika ni yeye.

Karani akasimama kumalizia shughuli. Alitangaza kwamba, kwa kuwa shimo la ziwani nalo lilichimbwa baada ya mpira, azimio la kumnyoosha Bwana Maghanga limekufa pamoja na sheria, na kombe lirudishwe ghalani. Maghanga akaitikia kwa kichwa. Aliumia, tena sana, nisiwadanganye. Kombe lile alikuwa ameshalipangia pa kuliweka. Mchoro alimpa Bi Nyangeta, akawashia moto, na mafiga yakarudi katikati ya jiko.

Siku ya kuondoka aliomba fimbo moja na mpira mmoja, wakaenda yeye na mwenyeji wake hadi lile ziwa la nyuma ya ikulu. Bendera ilikuwa imeshang'olewa. Maghanga alisimama mahali panapofanana na pale aliposimama zamani, akashika mpini sawasawa, akavuta pumzi. Akapiga.

Bi Nyangeta, ambaye alikuwa akifunga kanga vizuri na hakuona, aliinua kichwa.

"Umekwenda wapi?"

Maghanga aliyatazama maji yakitulia.

"Majini, mama."

"Haya," alisema Bi Nyangeta. "Twende basi, maharage yatapoa."